Lalamiko Lipite Wapi?

Mapema mwaka wa 1953 barabara za Bonde la Ufa zilijaa malori ya watu waliofukuzwa mashambani. Hali ya hatari dhidi ya Mau Mau ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na walowezi wengi wa Njoro, Molo, Subukia na Naivasha hawakutaka tena kumwona Mkikuyu kwenye ardhi yao. Maskwota kwa maelfu waliondolewa kwa nguvu. Wengine walifunga virago wenyewe baada ya kukataa kupigwa picha ya kipande kipya. Kabla ya kusafirishwa hadi hifadhi za Nyeri, Murang'a na Kiambu, walizuiliwa katika kambi za muda zilizojengwa Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls, mji tunaouita leo Nyahururu. Kambi hizo zilikusudiwa watu wa kulala siku chache na kwenda zao. Watu walikaa humo wiki na miezi, chakula kikiwa haba na maradhi yakizunguka hema kwa hema. Mara nyingi baba alikuwa kizuizini na mama amepakiwa kwenye lori la zamu nyingine, na mtoto amebaki peke yake na kibuyu chake, akiulizwa na askari jina la kijiji ambacho hajawahi kukiona, kwa kuwa alizaliwa shambani Njoro kama baba yake.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na uzoefu wa kufunga watoto. Shule ya kurekebisha tabia ya Kabete ilikuwepo tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka wa 1934 kukatungwa sheria ya watoto wahalifu. Lakini watoto wa kambi hizi hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa mikononi mwa serikali kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliyovunja nyumba zao. Akipigwa, akinyimwa uji, akishikwashikwa na mlinzi, mtoto wa namna hiyo angemwambia nani? Katika Bonde la Ufa la miaka zaidi ya 70 iliyofuata, swali hilo limejibiwa mara nyingi kwenye karatasi na mara chache kwenye maisha.

Mtoto wa zamani alikuwa na pa kwenda. Akilelewa kwa baba mdogo na kuonewa, angekimbilia kwa nyanya au kwa mjomba, nao wangelifikisha jambo kwa wazee: wa mbari, yaani ukoo, kwa Wakikuyu, wa kokwet, yaani ujirani, kwa Wakalenjin. Tusiyapambe sana mambo hayo. Yatima wengi waligeuzwa wachungaji huku watoto wa nyumba wakienda shule, na wazee walijua kufunika aibu ya ukoo kwa majani mabichi. Hata hivyo aliyemlisha mtoto hakuwa ndiye peke yake wa kumsikiliza. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine ungeweza kubishwa. Kambi, shule ya serikali na makao ya watoto viliondoa milango hiyo yote na kuacha mmoja, na aliyesimama hapo ni meneja.

Mwaka wa 1955 kukaundwa Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya, kazi yake kuu ikiwa kuwatunza na kuwarudisha kwao watoto waliotawanywa na hali ya hatari. Katika miaka hiyohiyo kambi ya Wamumu, karibu na Embu, ilifunguliwa kwa ajili ya vijana waliotolewa kizuizini Manyani, na serikali ikajisifu nayo sana: sare, bendi, gwaride, ufundi. Wageni walitembezwa wakapiga picha. Ukaguzi wa siku hizo ulikuwa ziara, na ziara hutangazwa mapema ili ua ufagiliwe.

Aliyeonyesha jinsi lalamiko linavyoweza kutoka alikuwa mwanamke Mwingereza, Eileen Fletcher, wa madhehebu ya Quaker, aliyeajiriwa kama afisa wa urekebishaji wa wafungwa. Katika gereza la Kamiti alikuta wasichana ambao hati zao zilisema wana miaka 11 na 12, wakitumikia vifungo virefu, wengine vya maisha. Alilalamika ndani, hakusikilizwa, akajiuzulu. Mwaka wa 1956, akiwa Uingereza, aliyachapisha aliyoyaona, na wabunge wa chama cha Labour wakalifikisha suala bungeni. Serikali ilibishana kuhusu umri wa wasichana hao. Kitu kimoja hakikuweza kubishaniwa: wasichana wenyewe hawakuwa na njia yoyote ya kulalamika, na habari yao ilifika London kwa sababu tu mtumishi mmoja alikubali kupoteza kazi yake.

Uhuru ulipokuja, nchi ilipata Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141. Idara ya Watoto ikachukua shule za urekebishaji na nyumba za rimandi, ikiwemo ile ya Nakuru, ambako mtoto aliyeokotwa barabarani kwa kukosa mlezi aliweza kulala chumba kimoja na aliyeshtakiwa kwa wizi. Mkuu wa idara hiyo aliitwa Mkaguzi Mkuu wa Watoto. Yaani aliyeendesha ndiye aliyekagua, na ripoti ya ukaguzi ilipanda ngazi zilezile zilizopitisha bajeti na uhamisho wa wafanyakazi. Sina sababu ya kuwashuku maafisa wale nia mbaya; wengi walifanya kazi ya punda kwa mshahara wa sungura. Lakini kesi ya ngedere ilikuwa inapelekwa kwa nyani, na kwa miaka karibu 40 hakuna aliyeona tatizo.

Au tuseme waliona, wakaahirisha. Mwaka wa 1971 Tume ya Duncan Ndegwa, iliyochunguza muundo na mishahara ya utumishi wa umma, ilipendekeza Kenya iwe na msuluhishi huru wa malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali. Pendekezo jingine la tume hiyohiyo, la kuwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao, lilikubaliwa haraka. La msuluhishi lililala hadi Juni 2007, ilipoundwa Kamati ya Kudumu ya Malalamiko ya Umma. Mtoto aliyezaliwa Nakuru mwaka ule wa Ndegwa alikuwa ameshakuwa mzazi wa watoto waliomaliza shule ya msingi.

Katika muda huo Bonde la Ufa liliendelea kuzalisha watoto wasio na nyumba. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993 yalipita Molo, Burnt Forest na Enoosupukia. Waliokimbia Enoosupukia walipiga kambi Maela, karibu na Naivasha, na usiku wa kuamkia Krismasi ya 1994 serikali iliisafisha kambi hiyo kwa malori na kuwamwaga watu Mkoa wa Kati. Mzee aliyekuwa mtoto Gilgil mwaka wa 1953 angelitambua lori hilo. Januari 1998 zamu ilikuwa ya Njoro. Juu ya hayo ukaja Ukimwi, ambao Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Jamaa wa kuchukua yatima walielemewa, kwa kuwa nao walikuwa wanazika.

Hapo ndipo makao ya watoto yalipoota kama uyoga. Nakuru ilikuwa na kila kitu cha kuyavutia: barabara kuu, ardhi ya kununua, hali ya hewa nzuri, mbuga na ziwa kwa wageni wa kujitolea, na umaskini wa kutosha kwenye mitaa ya kandokando ya mji. Kanisa la ng'ambo lilituma fedha, mchungaji wa hapa akajenga bweni, ubao ukachorwa. Wapo waliookoa maisha ya watoto kwa moyo safi, na wapo walioona kwamba kitanda chenye mtoto huleta mfadhili na kitanda kitupu hakileti.

Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilikuja kutia nidhamu. Iliunda Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto, ikaeleza malezi ya kambo na jinsi mlezi anavyochunguzwa, na mwaka wa 2005 zikatoka kanuni za makao ya hisani: usajili, ukaguzi, kumbukumbu za kila mtoto. Sasa ilikuwa kosa kufungua makao kama mtu anavyofungua kioski. Katikati ya miaka hiyo likaanza pia shirika la Childline Kenya na namba ya 116, simu isiyolipiwa, inayoendeshwa kwa ushirikiano na Idara ya Watoto.

Mtihani ulikuja upesi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka, na Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Naivasha, tarehe 27 Januari 2008, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukawa mji wa mahema. Tena watoto walipotezana na wazazi, tena wakachukuliwa na jirani, na kanisa, na makao, na mtu yeyote aliyekuwa na gari na sauti ya upole. Maafisa wa watoto walijitahidi kuandika majina, lakini mtoto aliyechukuliwa kwa huruma usiku wa vurugu huwa hana faili, na asiye na faili hakaguliwi.

Niseme sasa lalamiko linavyosafiri, kwa sababu watu wengi hudhani tatizo ni ukosefu wa njia. Njia zipo. Katika makao mengi utakuta sanduku la maoni limepigiliwa ukutani karibu na bwalo, lina kufuli, na ufunguo uko kwenye droo ya meneja. Ipo 116, lakini simu ya makao iko ofisini. Tuseme msichana amepata ya kuazima shuleni. Mshauri atamsikiliza, ataandika, kisha atapeleka taarifa kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Afisa huyo anahudumia eneo kubwa, gari ni la kuomba mafuta, na katika makao hayohayo ndiko anakolaza watoto aliowaokoa wiki jana, kwa kuwa serikali haina vitanda. Akiyafunga leo, usiku huu atawapeleka wapi watoto wote? Basi anampigia meneja simu kwanza, kwa adabu, kuuliza kuna nini. Msichana akirudi kutoka shule anakuta anasubiriwa.

Hakuna mwovu wa lazima katika safari hiyo. Kila mmoja amefanya kazi yake, na lalamiko limerejea lilikotoka.

Kisa cha Boito kiliyaweka haya yote hadharani. Boito ni sehemu ya majani chai katika Kaunti ya Bomet, kusini-magharibi mwa Nakuru. Mwaka wa 2008 Mmarekani Gregory Dow, kutoka Lancaster, Pennsylvania, alifungua huko makao yaliyobeba jina la familia yake. Aliitwa mmishenari, akafadhiliwa na makanisa ya kwao. Mwaka wa 1996 mtu huyo alikuwa amekiri mahakamani, katika jimbo la Iowa, kosa la kushambulia kwa nia ya dhuluma ya kingono, na akatakiwa kujiandikisha kama mkosaji wa aina hiyo. Rekodi hiyo ilikuwa wazi Marekani. Kule Bomet aliendelea kukabidhiwa watoto kwa karibu miaka 10.

Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza baadaye kwamba aliwadhulumu wasichana, wengine wakiwa na miaka 11, na kwamba mkewe aliwapeleka kliniki kuwekewa vipandikizi vya kuzuia mimba. Hebu tusimame hapo kliniki. Mtoto anavuliwa sweta, mkono unapakwa dawa, kipandikizi kinaingizwa chini ya ngozi, kadi inajazwa. Kulikuwa na watu wazima chumbani, na lalamiko lilikuwa mbele yao bila mtoto kutamka neno. Halikuandikwa popote.

Mwaka wa 2017 tuhuma zilipozagaa, Dow alitoroka Kenya. Kilichomfikia ni taarifa ambayo Wakenya waishio Marekani waliipeleka kwa FBI. Juni 2020 alikiri makosa manne, na Februari 2021 mahakama ya Pennsylvania ilimfunga miezi 188, yaani zaidi ya miaka 15. Haki ilipatikana, lakini ilibidi ipande ndege. Kama mwaka wa 1956, sauti ya watoto wa Kenya ilisikika pale tu ilipovuka bahari, na ilivukishwa na watu ambao meneja hakuweza kuwafuta kazi wala kuwanyima chakula.

Kisa kingine kilitokea mlangoni pa Nakuru yenyewe. Februari 2019 watoto na vijana wa mtaani walikusanywa mjini usiku, wakapakiwa na kutupwa kando ya msitu wa Chemasusu, Kaunti ya Baringo, katika baridi ambayo hata wenyeji wa huko huiogopa. Walionusurika walisimulia, wanahabari wakaandika, askari wa kaunti wakanyoshewa kidole, Seneti ikaanzisha uchunguzi. Nikikitazama kisa hiki naona pia ufa wa Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti vituo vya kulelea watoto wadogo, huku idara inayolinda watoto ikibaki serikali ya kitaifa. Nakuru ina kaunti ndogo 11 na, kwa sensa ya 2019, watu 2,162,202. Mtoto aliyelala mbele ya duka la jumla pale mjini alikuwa wa nani kati ya serikali hizo mbili? Usiku ule ilionekana si wa yeyote, na asiye wa yeyote hana ofisi ya kumlalamikia mtu.

Tusiseme hakuna lililofanyika. Katiba ilisema katika Kifungu cha 53 kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Mwaka wa 2011 ilizaliwa Tume ya Haki ya Utawala, ndiye msuluhishi wa Ndegwa aliyechelewa miaka 40. Mwongozo wa malezi mbadala katika familia ulitoka 2014, na Novemba 2017 serikali ikasimamisha usajili wa makao mapya. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 ulikadiria watoto kati ya 40,000 na 45,000 wakiishi katika makao zaidi ya 800, ukaweka lengo la kuwarudisha kwa jamaa au kwa walezi wa kambo. Julai 2022 ikaanza kutumika Sheria mpya ya Watoto, inayotambua malezi ya jamaa na kafala ya Kiislamu pamoja na malezi ya kambo.

Mwelekeo huo naukubali, ila una hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Makao yana ua mmoja na geti moja. Afisa akitaka kukagua watoto 60 anajua pa kwenda. Ukiwapeleka kwa walezi wa kambo na shangazi, wamesambaa Kuresoi, Bahati, Rongai na Gilgil, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Watakula vizuri zaidi na kulala vizuri zaidi, naamini. Lakini atakayeonewa ataonewa bila hata mwenzake wa kitanda cha juu kushuhudia. Kadiri nchi inavyofunga makao, ndivyo inavyohitaji zaidi mtu wa nje wa kusikiliza.

Kwingineko mtu huyo yupo. Norway ilimteua msuluhishi wa watoto mwaka wa 1981, wa kwanza duniani. Wales ilingoja aibu: uchunguzi wa Jaji Ronald Waterhouse kuhusu makao ya kaskazini mwa nchi hiyo, uliochapishwa Februari 2000, uligundua kwamba watoto walidhulumiwa kwa miaka mingi bila kuwa na njia ya kufaa ya kulalamika. Mwaka uliofuata Wales ikawa na Kamishna wa Watoto. Barani Afrika, jimbo la Western Cape la Afrika Kusini lilimteua kamishna wake, Christina Nomdo, mwaka wa 2020. Si jambo la matajiri wa Ulaya peke yao, basi.

Kenya bado haina afisi ya namna hiyo. Baraza la Kitaifa linalosajili makao liko chini ya wizara. Idara inayowaweka watoto kwa walezi ndiyo inayopokea taarifa dhidi ya walezi hao. Tume ya Haki ya Utawala ni huru, lakini kazi yake ni ofisi za umma. Makao ya kibinafsi na nyumba ya mlezi viko mbali na mkono wake. Bunge lililotunga sheria ya 2022 linaweza kuirekebisha, na kinachohitajika hakizidi uwezo wetu: kamishna wa watoto anayeripoti bungeni badala ya wizarani, mwenye mamlaka ya kuingia makao au nyumba yoyote ya malezi bila kutangaza, na mwenye mtu wake Nakuru anayejulikana kwa jina na kila mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake. Hadi hapo, msomaji, ukiishi jirani na makao au na mtoto wa kulelewa, usisubiri aje kwako. Piga 116, nenda kituo cha polisi uombe taarifa iandikwe kwenye OB, yaani daftari la matukio, chukua namba yake, na baada ya wiki rudi kuuliza imefikia wapi.